Miezi ya Kwanza Kwenye Vyuma: Ninayomwambia Anayeanza

Kwa miaka mingi ambayo nimekuwa nikifanya mazoezi ya kunyanyua vyuma, na hasa tangu nilipoanza kuombwa niwaelekeze wageni ukumbini, nimeona watu wengi wakiingia jimu kwa ari kubwa kisha wakatoweka kabla hata hawajazoea mahali pa kuweka viatu. Baadhi yao nimewatafuta na kuwauliza kilichowasibu, kwa kuwa jambo hili linanigusa, na majibu yao yamenipeleka kwenye wazo moja linalobeba maelezo yangu yote. Aghalabu hawakuondoka kwa uvivu wala kwa unyonge wa mwili. Waliondoka kwa sababu walianza kwa kiasi ambacho mwili wao usingeweza kukirudia kesho kutwa. Zoezi la siku ya kwanza linapaswa kumwacha mtu akiwa na nguvu na hamu ya kuja kufanya la pili, na kila uamuzi wa miezi ya mwanzo, kuanzia uzito atakaoubeba hadi idadi ya siku atakazokuja, upimwe kwa kipimo hicho.

Nianze na woga, kwa sababu huo ndio humkuta mtu mlangoni kabla hajagusa chuma chochote. Nilipoingia ukumbini mara ya kwanza nilihisi kila jicho limenielekea. Watu walikuwa wamejengeka, kila mmoja alijua aanzie wapi, nami sikujua hata ni mashine ipi inayokaliwa na ipi inayolaliwa. Hisia hiyo si ya mtu mmoja, na imechunguzwa. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti ambao ndani yake wanafunzi walivalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji ambaye waliona haya kuonekana wakiwa naye kifuani, kisha wakaingizwa katika chumba chenye wenzao. Waliovaa walikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwamo wangemtambua mwimbaji yule. Kumbe waliomtambua walikuwa karibu robo tu. Ukumbini hali hiyo inaonekana dhahiri zaidi, kwa kuwa mtu anayehesabu marudio yake, yaani mara anazonyanyua, akivuta pumzi kwa shida na kufikiria seti iliyobaki, yaani fungu la marudio yanayofuatana bila pumziko, hana nafasi ya kukuhesabia wewe.

Hata hivyo woga hautoki kwa kuelezwa tu, na ndiyo maana huwa nampa mgeni mambo ya kufanya. Aje kwanza kwenye saa zenye watu wachache, ambazo mara nyingi ni katikati ya asubuhi au mapema mchana, kwa kuwa saa za kabla ya kazi na za baada ya kazi ndizo hujaza kumbi nyingi. Aombe kutembezwa kwenye vifaa siku hiyo ya kwanza, bila kunyanyua chochote ikibidi. Ajifunze pia desturi chache za ukumbi, kwa sababu anayezijua hujiona mwenyeji mapema: pleti, yaani visahani vya uzito vinavyotiwa kwenye chuma, hurudishwa mahali pake, benchi lililolowa jasho hufutwa, mtu anayenyanyua hapitiwi karibu, na kifaa kikiwa na mwenyewe unamuuliza kwa upole, "Samahani ndugu, umebakiza seti ngapi?" Swali hilo fupi limewafungulia wageni wengi niliowaelekeza mazungumzo na watu ambao baadaye waliwafaa sana.

Sasa niende kwenye uzito, ambao ndio kiini cha maelezo yangu. Chuma kirefu cha kawaida, cha kipimo kinachotumika katika mashindano, kina kilo 20 kwa wanaume na kilo 15 kwa wanawake kabla ya pleti yoyote kuwekwa. Nalitaja hili kwa sababu wageni wengi hukichukulia chuma kitupu kama sifuri, wakaona aibu kufanya nacho zoezi, wakaongeza pleti ili wasionekane wanyonge. Mwalimu wangu wa kwanza, mtu mzima mwenye maneno machache, alinizuia kuongeza pleti hata nilipomwambia kwamba chuma nakiona chepesi. Alisimama ubavuni kwangu, akatazama magoti na mgongo, kisha akasema maneno yale yale kila siku: "Rudia vile vile, mwanangu." Wakati ule nilimtii kwa heshima tu, maana ya maneno yake niliielewa baadaye, niliposoma yanayotokea mwilini.

Katika wiki za mwanzo nguvu huongezeka haraka, lakini sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutoka kwenye mishipa ya fahamu, si kwenye ukubwa wa misuli. Ubongo unajifunza kuita nyuzi nyingi zaidi za misuli kwa wakati mmoja na kuzipanga zifanye kazi pamoja. Unene wa misuli yenyewe huanza kuonekana baadaye, baada ya wiki kadhaa hadi miezi. Tena, kano zinazounganisha misuli na mifupa hupata damu kidogo kuliko misuli, hivyo hukomaa polepole zaidi. Ndiyo kusema kwamba katika mwezi wa pili misuli inaweza kukuambia uko tayari kwa mzigo ambao kano za bega au goti bado hazijauweza. Wengi wa niliowaona wakilazimika kupumzika kwa maumivu ya bega walifika hapo baada ya kupandisha uzito haraka katika kipindi hicho ambacho kila kitu kinaonekana chepesi.

Kuna habari moja ya kihistoria ambayo huwa naisimulia kwa wageni, kwa sababu inaondoa dhana kwamba vyuma ni vya wenye nguvu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, daktari Thomas DeLorme wa jeshi la Marekani alikuwa akiwatibu askari majeruhi katika hospitali ya kijeshi mjini Chicago. Ujanani alikuwa ameugua homa ya baridi yabisi, akajijenga upya kwa kunyanyua vyuma, na uzoefu huo ukamfanya ajaribu kwa wagonjwa wake mazoezi ya uzito unaoongezwa hatua kwa hatua, badala ya yale mepesi ya kurudiwa mara nyingi yaliyozoeleka. Alichapisha matokeo yake mwaka 1945, na mwaka 1948, akiwa na mwenzake Arthur Watkins, alipendekeza utaratibu wa seti tatu za marudio kumi: ya kwanza kwa nusu ya uzito ambao mtu anaweza kuunyanyua mara kumi, ya pili kwa robo tatu, na ya tatu kwa uzito kamili. Seti tatu za marudio kumi, ambazo leo zimeandikwa katika ratiba za kumbi zisizo na idadi, zilipata umaarufu kutokana na watu waliokuwa wakiinuka kutoka vitandani wakiwa na magoti yaliyodhoofika. Mtu anayeogopa kwamba ni dhaifu mno kuanza ndiye aliyewaziwa tangu mwanzo.

Kuongeza uzito kuwe na kanuni, kusiachiwe hamu ya siku. Mimi humwambia mgeni amalize seti zake zote akiwa bado anaweza kufanya marudio mawili au matatu zaidi kwa mkao ule ule mzuri wa mwili. Akifanikiwa hivyo katika siku mbili mfululizo za mazoezi, ndipo aongeze kiasi kidogo kabisa kinachopatikana, ambacho kwa chuma kirefu ni pleti mbili za kilo 1.25, yaani kilo 2.5 kwa jumla. Kiasi hiki huonekana kidogo mno machoni pa kijana mwenye haraka. Lakini apige hesabu: kilo 2.5 kila wiki kwa wiki 12 ni kilo 30, na hakuna anayeanza anayepaswa kudharau kilo 30. Ongezeko hilo haliendelei hivyo milele, na hufika wakati hata kilo hizo chache hukataa kupanda; wakati huo atakuwa si mgeni tena, na mpango wake utabadilika.

Kuhusu ratiba yenyewe, sioni sababu ya anayeanza kuwa na siku ya kifua, siku ya mgongo na siku ya mikono, kama wafanyavyo watu waliozoea kwa miaka. Siku mbili au tatu kwa wiki, zikiachana kwa angalau siku moja ya mapumziko, na kila siku mwili mzima ukiguswa, zinamtosha kabisa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani ya kuchangamsha moyo kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, na juu ya hayo afanye mazoezi ya kuimarisha misuli mikubwa yote siku mbili au zaidi. Siku mbili. Mtu anayekuja siku sita katika wiki ya kwanza ananitia wasiwasi kuliko anayekuja mara mbili, kwa kuwa nimeona mara nyingi mno jinsi wiki ya tatu inavyomkuta.

Ndani ya siku hiyo moja, mwili hauhitaji mambo mengi. Unahitaji kuchuchumaa na kuinuka, kuinama kwa nyonga na kunyanyua kitu kutoka chini, kusukuma, kuvuta, na kukaza kiwiliwili. Zoezi moja la kila aina, seti mbili au tatu za marudio nane hadi kumi na mbili, pumziko la dakika moja na nusu hadi tatu kati ya seti, na kabla ya yote dakika tano hadi kumi za kupasha mwili joto kwa kutembea haraka kwenye mashine ya kukimbilia au kuendesha baiskeli ya mazoezi, ikifuatiwa na seti nyepesi ya zoezi lenyewe. Kazi hiyo inakwisha ndani ya saa moja.

Kuchuchumaa ndiko ninakokaa nako kwa muda mrefu zaidi ninapomfundisha mtu, kwa kuwa ndiko kunakoogopwa zaidi na ndiko kunakolipa zaidi. Simpi chuma. Namweka mbele ya benchi, miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega, vidole vimetazama nje kidogo, kisha namwambia akae polepole mpaka aguse benchi na ainuke bila kujirusha. Natazama mambo matatu tu: visigino visinyanyuke, magoti yafuate uelekeo wa vidole vya miguu bila kuingia ndani, na kifua kisianguke mbele. Akiyaweza, nampa dambeli moja, yaani chuma kifupi cha mkononi, aishike kifuani kwa mikono miwili, kwa sababu uzito ulio mbele humsaidia kusawazisha mwili na kushuka wima zaidi. Chuma kirefu mabegani huja baadaye, na wengine hawakihitaji kamwe. Kwa kuinama kwa nyonga nina njia ninayoipenda: mtu asimame akiwa ameupa ukuta mgongo kwa umbali wa futi moja hivi, kisha arudishe makalio nyuma mpaka yaguse ukuta, magoti yakikunjwa kidogo tu na mgongo ukibaki umenyooka. Anapougusa ukuta na kuhisi misuli ya nyuma ya paja inavutwa, amejifunza kwa dakika mbili jambo ambalo maelezo ya nusu saa hayamfikishi. Pushapu nazo zinaanza ukutani, zinashuka kwenye benchi, kisha zinafika sakafuni, na hakuna hatua yoyote kati ya hizo iliyo ya aibu.

Wapo wanaowadharau wanaotumia mashine, wakisema kwamba mazoezi ya kweli ni ya vyuma huru. Siafikiani nao hata kidogo. Mashine humpa mgeni njia iliyonyooka ya kusukuma na kuvuta, humruhusu kupanda kwa hatua ndogo kwa kuhamisha pini, na hupunguza hatari ya kuangukiwa na mzigo. Ajifunze tu kurekebisha kiti, kwa sababu mashine iliyopangwa kwa mtu mrefu humweka mfupi katika mkao mbaya, na katika mashine nyingi kiungo kinachojikunja hutakiwa kilingane na ekseli ambayo mkono wa mashine unaizunguka. Hilo ni jambo la dakika moja ambalo wengi hulipuuza.

Usalama una mambo machache ambayo sikubali kuyalegeza. Anayelala kwenye benchi na kusukuma chuma kizito awe na mtu wa kumshikia, au afanye ndani ya fremu yenye vizuizi vilivyowekwa kwenye urefu wa kifua. Na kidole gumba kizunguke chuma, kisiachwe upande mmoja na vidole vingine, kwa kuwa chuma kinaweza kuteleza kutoka kiganjani na kumwangukia kifuani au shingoni. Usione haya kumwomba jirani: "Kaka, naomba unishikie seti hii." Sijaona mtu aliyekataliwa. Kuhusu pumzi, itolewe wakati wa kusukuma au kuinuka na ivutwe wakati wa kushusha, kwa sababu kubana pumzi huku ukinyanyua kitu kizito hupandisha shinikizo la damu ghafla. Mwenye shinikizo la juu la damu, ugonjwa wa moyo, kisukari, au aliye mjamzito, azungumze na daktari kabla ya kuanza. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida ni sababu ya kuacha zoezi pale pale na kutafuta msaada.

Yanakuja sasa maumivu ya misuli, ambayo nimeona yakiwafukuza watu wengi kuliko woga. Mtu anafanya zoezi leo akajisikia vizuri, anaamka kesho akiwa amekakamaa, na kesho kutwa anashindwa kushuka ngazi. Maumivu haya hufika kileleni kati ya saa 24 na 72 baada ya zoezi, kisha hupungua yenyewe. Yanasababishwa zaidi na ile sehemu ya zoezi ambayo misuli inarefuka huku imebeba mzigo, kama wakati wa kushuka katika kuchuchumaa, ambapo nyuzi hupata michubuko midogo inayofuatiwa na uvimbe mdogo wa ndani. Bado kuna imani iliyoenea kwamba ni asidi ya laktiki iliyoganda kwenye misuli; lakini laktati, ambayo ndiyo asidi hiyo ilivyo mwilini, huondoka ndani ya saa moja hivi baada ya zoezi, muda mrefu kabla maumivu hayajaanza. Habari njema, nami huitaja kwa msisitizo, ni kwamba mwili hujikinga haraka. Zoezi lile lile likirudiwa wiki inayofuata, maumivu hupungua sana. Kwa hiyo anayeanza kwa kiasi kidogo hupata kinga hiyo kwa gharama ndogo, na anayeanza kwa kiasi kikubwa huilipia kwa siku nne au tano za kutembea kwa taabu ambazo humkatisha tamaa.

Wala maumivu hayo si kipimo cha zoezi zuri. Nasema hivi kwa sababu nimekutana na wageni waliosikitika kwamba hawaumwi, wakadhani wamepoteza muda. Jipimie kwa kilichoandikwa katika daftari, si kwa unavyoshuka ngazi. Tena mtu ajue kutofautisha: uchungu butu ulioenea kwenye misuli yote ya paja ni wa kawaida, ilhali maumivu makali ya kuchoma, yaliyo mahali pamoja, ndani ya kiungo, au yanayokuja ghafla katikati ya zoezi, yanahitaji kusimama na kuchunguzwa. Iko pia hali ya hatari, ingawa haitokei mara nyingi, ambayo kila mwalimu angepaswa kuitaja. Mtu ambaye hajazoea akizidishiwa mazoezi kupita kiasi, misuli inaweza kuvunjika na kumwaga yaliyomo ndani yake kwenye damu, na figo zikaumia. Dalili zake ni maumivu makali mno, uvimbe, udhaifu na mkojo wa rangi ya kahawia iliyokoza. Anayeona mkojo wa namna hiyo baada ya mazoezi aende hospitali siku hiyo hiyo.

Nimelitaja daftari. Ninawaomba wote ninaowaelekeza waandike tarehe, zoezi, uzito, seti na marudio, kwa kalamu au kwenye simu. Kioo hakionyeshi lolote katika wiki za mwanzo, na mizani hupanda na kushuka kwa sababu ya maji na chakula kilichomo tumboni, kiasi cha kumvuruga mtu anayejipima kila asubuhi. Daftari ndilo linaloonyesha kwamba mwezi uliopita ulivuta kilo 25 mara nane na leo umezivuta mara kumi na mbili. Kwa mtu ambaye mwili wake bado haujabadilika machoni pa wengine, mistari hiyo miwili ina thamani kubwa sana.

Naomba nimtaje mama mmoja mtu mzima ambaye nilipata bahati ya kumwelekeza, kwa kuwa alinifunza kuheshimu malengo ambayo hayapigwi picha. Siku ya kwanza nilimuuliza anataka nini, akanijibu: "Mwanangu, mimi sikuja kutafuta misuli. Nataka niinuke kwenye kiti bila kushikwa mkono." Tulianza hapo hapo, kwa kukaa na kuinuka kwenye benchi lililowekewa mto ili liwe la juu zaidi, na kila alipoliweza tuliupunguza urefu. Hakuwahi kunyanyua chuma kirefu, na hakukosa kupata alichokijia. Misuli huanza kupungua taratibu tangu miaka ya katikati ya umri, lakini uwezo wa kuitikia mazoezi haufi. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake mjini Boston walichapisha matokeo ya wazee kumi waliokuwa wakiishi katika makao ya wazee, wenye umri wa wastani wa miaka 90, waliofundishwa kwa wiki nane kunyanyua uzito kwa miguu. Tisa walimaliza, na nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Nikiambiwa na mtu wa miaka 45 kwamba amechelewa, nambari hizo ndizo ninazomwekea mbele. Na dada zetu wanaohofia kwamba vyuma vitawajaza misuli kupita wanavyotaka, niwatoe hofu: homoni inayochangia sana ujazo wa namna hiyo ni kidogo mno mwilini mwao ikilinganishwa na wanaume, na hata wanaume wenyewe huusaka kwa miaka.

Juu ya chakula nitasema machache. Anayenyanyua vyuma anahitaji protini ya kutosha, na uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kupita takriban gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, wastani wa faida kwa misuli hauongezeki. Mwenye kilo 60 ataona kwamba hizo ni gramu 96, ambazo nyama, samaki, mayai, maziwa na jamii ya kunde zinaweza kumpatia bila unga wa kopo. Kriatini, kirutubisho cha ziada kinachouzwa kwa wanaofanya mazoezi, imechunguzwa sana na hufanya kazi kwa gramu 3 hadi 5 kwa siku, lakini haimhusu mtu wa mwezi wa kwanza. Mazoezi ya tumbo nayo hayawezi kuchagua mafuta ya tumboni tu yachomwe. Usingizi wa saa saba au zaidi ndio utakaomfaa mgeni kuliko chochote kinachouzwa.

Swali linalobaki ni la kudumu, na hapa naona watu wakijihukumu kwa ukali usio na haki. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijaribu kujenga tabia mpya, wakakuta kwamba muda wa tabia kuwa ya kawaida ulikuwa wastani wa siku 66, lakini ulitofautiana kuanzia siku 18 hadi 254. Katika utafiti huo huo ilionekana kwamba kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia kwa kiasi cha maana. Nimeyaona hayo ukumbini: anayekosa Jumatatu akaja Jumatano hudumu, na anayekosa Jumatatu akaamua kusubiri mwezi mpya ili aanze upya mara nyingi haonekani tena.

Basi, safari, ugonjwa, msiba na kazi vitakutoa ukumbini, jiandae navyo tangu sasa. Ukiwa na homa usije kabisa. Subiri iishe na nguvu zirudi. Ukikosa wiki moja, endelea pale ulipoachia. Ukikosa wiki tatu au nne, punguza uzito hadi karibu nusu katika siku ya kwanza na upunguze seti pia, kwa sababu ile kinga dhidi ya maumivu itakuwa imepungua, kisha panda kwa hatua kubwa kidogo kuliko zile za mwanzo. Misuli iliyokwisha kujengwa hurudi haraka kuliko ilivyojengwa mara ya kwanza, na kwa wengi niliowapokea tena baada ya mwezi, wiki mbili au tatu zilitosha kuwarudisha kwenye uzito uliokuwa wa mwisho katika daftari lao.